Kabla Mzigo Haujafika Soweto: Programu za Oda na Stoku kwa Maduka ya Mbeya

Oda ya duka la rejareja pale Soweto, jijini Mbeya, huanza na simu. Mwenye duka anampigia mtu wake wa Kariakoo, Dar es Salaam, anauliza bei ya leo, anapunguziwa kidogo, kisha anatuma hela kwa simu au kupitia wakala wa benki. Akiwa na jina zuri, anakubaliwa mali kauli, yaani mzigo wa mkopo, kwa kuwa mwezi uliopita alilipa kwa wakati. Baada ya hapo kazi inabaki mikononi mwa wengine: kuli anayepakia, wakala wa mizigo, dereva wa fuso, Mikumi, Mlima Kitonga, Makambako, na mwishowe bajaji au guta linalosogeza katoni kutoka barabara kuu hadi mlangoni. Ni safari ya kilomita zaidi ya 800. Katika njia yote hiyo, andiko pekee la oda mara nyingi ni ujumbe wa muamala, nao unataja kiasi cha hela bila kutaja hata katoni moja.

Wanaouza programu za kusimamia duka hawaanzii hapo. Wanachokionyesha kwanza ni skrini ya kuuzia. Unagusa bidhaa, bei inatokea, risiti inachapwa, na jioni mwenye duka, hata akiwa msibani Tukuyu, anaona kwenye simu yake duka limeingiza kiasi gani. Wengi hulipia programu kwa sababu hiyo hasa: wanataka kumchunga kijana wa dukani. Sikatai kwamba wapo vijana wasio waaminifu. Lakini naamini duka la kawaida la Nyanda za Juu Kusini linavuja zaidi linaponunua kuliko linapouza, na anayefunga programu kwenye mauzo peke yake amelinda mlango wa mbele akauacha wa uani wazi.

Tuchukue mfano wa sabuni. Tuseme mfanyabiashara ameagiza katoni 20 kwa shilingi 30,000 kila moja, jumla 600,000. Nauli ya mzigo na malipo ya makuli, Dar es Salaam na Mbeya, ni 34,000. Kichwani mwake bei ya kununulia ni 30,000, hivyo anauza 32,500 na kuhesabu faida ya 2,500 kwa katoni. Kumbe hata kama zote 20 zimefika, kila katoni imemgharimu 31,700, na faida yake halisi ni 800. Sasa tuseme zimefika 19. Mzigo ulishushwa saa mbili usiku, umechanganyika na mafuta, biskuti na madaftari ya shule, na aliyepokea alisaini kwa kuangalia rundo. Gharama ya kila katoni imepanda hadi karibu 33,370. Akiziuza zote 19 anapata 617,500, na amepoteza 16,500 katika biashara aliyoamini ina faida. Mwezi ukiisha na hela haionekani, wa kwanza kuulizwa ni kijana wa dukani.

Katika ofisi kubwa wizi au kosa la namna hii linazuiwa kwa karatasi tatu. Ya kwanza ni LPO, yaani oda iliyoandikwa kabla hela haijatoka: bidhaa gani, ngapi, kwa bei gani. Ya pili ni hati ya kupokelea, inayojazwa na aliyehesabu mzigo ulipofika. Ya tatu ni ankara ya muuzaji. Malipo hayaidhinishwi mpaka zote tatu zikubaliane. Programu nzuri ya manunuzi inafanya kazi hiyohiyo bila makaratasi. Oda ikishaandikwa inakaa na kusubiri. Mzigo ukifika, anayepokea anaingiza idadi aliyoihesabu mwenyewe, na programu inaonyesha palepale kwamba katoni moja ya sabuni haipo na kwamba bei ya mafuta iliyoandikwa kwenye ankara si ile iliyokubaliwa kwenye simu. Nauli inagawanywa kwa bidhaa zote, bei halisi ya kununulia inatokea, na ndipo bei ya kuuzia inapopangwa. Mtu wa Kariakoo akipigiwa usiku uleule, huku karatasi ya kupakilia ikiwa bado mezani kwake, katoni hurudi au deni hupunguzwa. Akipigiwa baada ya wiki mbili, ni neno la huyu dhidi ya neno la yule.

Mali kauli ndiyo inayofanya jambo hili kuwa zito zaidi kwetu. Mkopo huo hauna dhamana wala riba iliyoandikwa, na umejenga maduka mengi ambayo benki isingeyatazama mara mbili. Unasimama juu ya kumbukumbu za watu wawili. Wakitofautiana mara moja kuhusu mzigo wa mwezi wa tatu, uhusiano wa miaka unaweza kukatika, na mtaji unakatika nao. Kwa hiyo oda iliyoandikwa na kutumwa kwa WhatsApp kabla ya mzigo kupakiwa inamlinda hata muuzaji wa jumla. Haimshushii mtu heshima. Anayeogopa kumwandikia mtu wake wa Kariakoo eti ataonekana hamwamini angetafakari ni mahusiano mangapi ya kibiashara yamevunjwa na uaminifu usioandikwa.

Soko la programu lenyewe linaonyesha jinsi upande wa kununua ulivyosahaulika. Loyverse, inayotumika kwenye simu na tableti katika nchi nyingi, inatoa sehemu ya kuuzia bure. Sehemu ya oda za manunuzi na ya kuhesabu stoku inalipiwa kila mwezi. Mfanyabiashara anachukua ya bure na kudhani ameshapata programu nzima. Odoo na ERPNext zina matoleo huria yenye manunuzi na ghala kamili, ila zinahitaji fundi wa kuziweka na kuzitunza, na fundi huyo akihamia Dodoma duka linabaki na kitu ambacho hakuna anayekijua. Tally ya India na QuickBooks ya Marekani zimezoeleka kwa wahasibu wetu, jambo ambalo ni faida kubwa kuliko linavyoonekana, maana programu inayojulikana na mhasibu wa mtaani ina mtu wa kuuliza.

Serikali nayo ilielekeza nguvu zake kwenye mauzo. Mashine za EFD, za kutolea risiti za kodi, zilianza mwaka 2010 kwa waliosajiliwa VAT, na mwaka 2013 zikaletwa kwa wafanyabiashara wengine, kukawa na migomo mikoani. Mashine hiyo inajua ulichouza. Haijui ulichoagiza, kilichofika wala kilichobaki kwenye rafu. Mtu anaweza kutoa risiti mwaka mzima bila kosa hata moja na bado asijue kama duka lake linakua au linakufa.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni ya supamaketi. Basi tutazame supamaketi. Nakumatt ya Kenya ilifikisha matawi zaidi ya 60 katika Afrika Mashariki, na mwaka 2014 ikachukua maduka ya Shoprite hapa Tanzania. Ilikuwa na kila kifaa ambacho duka la Soweto halina: msimbo pau kwenye kila bidhaa, kompyuta kwenye kila kaunta, idara nzima ya manunuzi. Mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu kwa sababu wasambazaji hawakulipwa na waliacha kuleta mzigo. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Programu inaweza kukuambia uagize nini na lini. Haiwezi kumlipa msambazaji kwa niaba yako. Naitaja Nakumatt kwa sababu duka dogo linaweza kuanguka kwa njia ileile, hela ya mzigo ikienda kujenga nyumba Uyole kabla mali kauli haijalipwa.

Ugumu wa kweli wa programu hizi madukani kwetu uko kwenye vipimo, na hapo ndipo nyingi zinapokwama bila muuzaji wake kujua. Zilibuniwa kwa ajili ya duka ambalo kitu kinaingia kikiwa kimoja na kutoka kikiwa kimoja. Duka la Soweto linapokea mfuko wa sukari wa kilo 50 na kuuza kwa robo. Kwenye skrini, mfuko ni robo 200. Mkono unaopima ukizidisha gramu tano tu kila mara, mfuko unatoa robo 196, na programu itaandika kwamba nne zimepotea. Mche wa sabuni unakatwa vipande, mafuta ya dumu yanapimwa kwa kibaba, sigara inatoka mojamoja, mchele wa Kyela unaingia kwa gunia na kutoka kwa kilo au sado. Asiyeweka kipunguo cha kupima tangu mwanzo atagombana na kijana wake kila Jumamosi kwa kosa ambalo ni la mizani. Dawa yake ni rahisi: fungua mifuko mitatu, uihesabu hadi iishe, upate wastani wa duka lako, na huo ndio uandikwe kwenye programu badala ya 200 ya kwenye karatasi.

Halafu kuna chupa tupu. Duka la soda na bia lina stoku mbili, kilichojaa na kisicho na kitu, na ya pili ni mali kama ya kwanza, kwa kuwa ukikosa kreti na chupa huletewi mzigo mpya bila kulipia chombo. Kreti nne zilizokopeshwa kwenye harusi ya jirani ni mtaji uliotoka dukani. Programu isiyoweza kuandika deni la kreti haifai kwa duka hilo, hata iwe na michoro mizuri namna gani.

Kuhusu lini uagize, kanuni inayotumika duniani inafahamika: mauzo ya siku, mara siku za kusubiri mzigo, ongeza akiba. Duka linalotoa katoni nne kwa siku, na mzigo wake ukichukua siku tatu, lingeagiza zikibaki 12. Lakini kuna wiki lori linapinduka Kitonga na barabara inafungwa, au fuso linasubiri lijae kabla ya kuondoka Dar, na siku tatu zinakuwa sita. Aliyezoea hayo anaagiza zikibaki 24, na hizo 12 za ziada, kwa bei halisi ya mfano wetu, ni shilingi 380,400 zilizolala kwenye kona ya stoo. Kuchagua kati ya rafu tupu na hela iliyolala ni uamuzi wa mwenye duka, na programu kazi yake ni kumwonyesha bei ya kila upande. Kwa bidhaa zinazopatikana soko la Mwanjelwa, hapahapa Mbeya, kwa saa moja, akiba kubwa haina maana. Kwa hiyo orodha ya duka igawanywe tangu siku ya kwanza: vinavyotoka Mwanjelwa vifuatwe kwa macho, vinavyotoka Dar es Salaam vipewe oda ya maandishi na kiwango cha kuagizia.

Kiwango hicho nacho hakiwezi kukaa kimoja mwaka mzima. Hela ya Mbeya ina majira. Mpunga wa Mbarali na Kyela ukivunwa, kahawa ya Mbozi ikianza kulipwa, mabati, magodoro na vitenge vinatembea. Januari ni ada na madaftari, na mwezi wa pili mtu ananunua chumvi na kiberiti. Kuna programu zinazopendekeza oda kwa wastani wa siku 30 zilizopita. Ukizifuata mavuno yanapoishia, zitakuagizia mzigo wa wateja ambao wamekwisha kumaliza hela. Hapo kumbukumbu ya mwaka jana ina thamani zaidi kuliko wastani wa mwezi uliopita, nayo haipatikani mpaka duka limeandika oda na mauzo yake kwa mwaka mzima bila kuruka. Ndiyo maana namshauri mtu aanze mapema, hata kwa kaunta buku.

Ushahidi kwamba chombo rahisi kinatosha tunao hapa nchini. Mwaka 2009 hadi 2010, katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, vituo vya afya 129 vilishiriki mradi wa majaribio ulioitwa SMS for Life, ulioziunganisha Wizara ya Afya na Novartis, Vodafone, IBM na ubia wa Roll Back Malaria. Kila wiki mhudumu alipata ujumbe wa simu ukimtaka ahesabu dawa za malaria zilizopo na kujibu kwa ujumbe usio na gharama kwake. Aliyejibu kwa wakati alizawadiwa salio. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa walau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Hakukuwa na kompyuta kituoni wala skrini ya kugusa. Kilichobadilika ni kwamba mtu alihesabu kila wiki, na aliyekuwa na uwezo wa kuhamisha dawa wilayani aliziona hesabu hizo. Naliona hilo kuwa somo kubwa kuliko tangazo lolote la programu, na linatufaa moja kwa moja: chagua bidhaa 20 zinazobeba sehemu kubwa ya mtaji wako, zihesabiwe siku moja ya wiki, siku ileile, na mtu yuleyule apewe shukrani yake.

Tatizo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini ni kodi. Wengi hawaandiki kwa kuogopa kwamba kilichoandikwa kitasomwa na mamlaka ya mapato, TRA. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Mgomo wa Kariakoo wa Mei 2023, uliomfanya Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akutane na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, ulikuwa na lalamiko la kusajili stoo miongoni mwa malalamiko yake; Juni 2024 maduka yalifungwa tena Kariakoo na mgomo ukasambaa mikoani. Mtu aliyeona hayo hawezi kulaumiwa akisita kuweka stoku yake yote kwenye kompyuta. Lakini hesabu yenyewe inasema vinginevyo, hasa kwa mdogo. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu alidaiwa 100,000. Mwenzake anayetunza alidaiwa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4, yaani 30,000. Kwenye mauzo ya milioni 10, tofauti ilikuwa 250,000 dhidi ya 180,000. Asiyeandika alilipa zaidi, na alipokadiriwa juu hakuwa na karatasi ya kujitetea. Na kwa aliyesajiliwa VAT, kila ununuzi usio na risiti ya EFD ni asilimia 18 aliyolipa na hawezi kuidai.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Mbeya ina sababu yake nyingine ya kujali jambo hilo. Soko la Mwanjelwa liliteketea Desemba 2006, na soko la Sido likaungua Agosti 2017. Moto wa soko hauchomi mzigo peke yake. Unachoma madaftari: nani anadaiwa, nani anadai, mzigo gani ulikuwa umelipiwa na upi ulikuwa mali kauli. Aliyepoteza bidhaa za milioni 8 bila hata ukurasa mmoja wa kuthibitisha hana la kuionyesha bima, benki wala msambazaji. Nakala iliyohifadhiwa nje ya soko, hata iwe picha za kaunta buku zilizotumwa kila Jumapili kwenye simu ya ndugu aliyeko Iringa, ingewaokoa wengi.

Lakini asitokee mtu akaweka kila kitu mtandaoni akadhani amemaliza. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadhoofika nchi nzima. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 haujasahaulika. Programu isiyoweza kupokea mzigo na kuuza ikiwa nje ya mtandao, kisha ikaoanisha baadaye, haijatengenezwa kwa ajili yetu, na hilo nalihesabu kuwa sharti.

Limebaki suala la nani mwenye taarifa za duka. Ipo njia ambayo msambazaji ndiye anayekupa programu, bure, ili uagizie kwake. Sokowatch, iliyokuja kuitwa Wasoko, ilianza hivyo na maduka ya mitaani Afrika Mashariki, na mwaka 2024 ikaungana na MaxAB ya Misri. Kwa mwenye duka njia hiyo ina raha yake: unaagiza kwa simu, mzigo unaletwa mlangoni, na historia ya oda zako inaweza kukupa mkopo. Tatizo ni kwamba historia hiyo inakaa kwa muuzaji wako. Anajua unauza sukari kiasi gani, lini unaishiwa, na kwa bei gani hutasita kununua, ilhali wewe huoni bei ya mshindani wake kwenye skrini hiyohiyo. Kampuni ikibadili mpango au ikaondoka mjini, kumbukumbu yako ya miaka miwili inaondoka nayo. Jambo hilohilo linaweza kukukuta kwa programu unayoilipia, mwenye programu akipandisha ada au akiacha kupokea simu. Kabla ya kutoa hela, mwenye duka aombe kuonyeshwa namna ya kutoa orodha yake yote, bidhaa, bei za kununulia, oda na madeni, na kuihamishia kwenye faili la Excel. Aihamishe yeye mwenyewe, palepale kwenye kaunta, na alifungue faili hilo kwenye kompyuta nyingine muuzaji akiwa bado amesimama hapo.